Difu na Injini: Maneno juu ya Motakaa za Kale na Mlima wa Sekenke

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Singida)



Bwana Katibu aliponiandikia barua kuniomba nizungumze, alisema nichague jambo lolote lenye manufaa kwa wanachama. Mambo ya mishahara, ya vyeo na ya malipo ya uzeeni yana wasemaji wake, nao ni hodari kuliko mimi. Kwa hiyo nimechagua jambo ambalo kwa macho ya wengi ni la mafundi wenye mikono ya grisi, nalo ni hesabu ya meno ya difu ya motakaa. Lakini nataraji kwamba kabla sijaketi mtakubali kuwa jambo hili lagusa mfuko wa mwanachama, na tena lagusa roho yake.

Tangu Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi wa Serikali Waafrika huko Tanga mwaka 1922, vyama vya namna yetu vimekuwa mahali pa kufundishana. Basi na mimi nimekuja kufundishana nanyi. Sikuja kuwafanya mafundi. Nimekuja ili mtakapokwenda kwa fundi mjue la kumwuliza.

Sababu yangu ni hii. Wengi wetu, siku ya kustaafu ikifika, hupokea kiinua mgongo, nacho hupokewa mara moja tu katika maisha. Wengine hujenga, wengine hununua mashine ya kukamua alizeti, na wengine huenda mnadani wakanunua Land Rover kuukuu, maana ndiyo motakaa waliyopanda ujana wao wote walipokuwa mabwana shamba, mabwana afya na wapima ardhi. Siwalaumu. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na hata leo iko kazini katika vijiji vya Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni. Mwezi wa Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kwa tamasha kubwa, na waliokuwako waliona jinsi watu wanavyozienzi. Walakini motakaa ya kale ni kama mzee: ina tabia yake, na anayeilazimisha kuwa kijana huivunja mifupa.

Sasa nieleze difu ni kitu gani. Injini huzunguka upesi, pengine mara 3,000 kwa dakika. Magurudumu hayawezi kuzunguka hivyo, na hata kama yangeweza yasingekuwa na nguvu ya kuvuta kitu. Basi kati ya injini na magurudumu pana meno ya kupunguza mwendo na kuongeza nguvu. Katika Land Rover ya kale meno hayo yako mahali patatu: kwanza giaboksi, ambayo dereva huichagua kwa mkono, pili transfa, yaani giaboksi ndogo iliyo nyuma yake, na tatu difu, katikati ya ekseli. Katika difu pana gurudumu dogo la meno liitwalo pinioni, linaloendesha gurudumu kubwa ambalo mafundi huliita kraunwili. Ikiwa pinioni ina meno 10 na kraunwili ina meno 47, ni dhahiri kwamba propela itazunguka mara 4.7 ndipo gurudumu la barabarani lizunguke mara 1. Hiyo ndiyo hesabu ya difu, nayo kwa Land Rover nyingi za Series ni 4.7.

Asiyependa hesabu na atazame watu wapandao kilima na mizigo kichwani. Mwenye mzigo mzito hapigi hatua ndefu. Hupiga hatua fupi fupi, nyingi, naye hufika. Aliye mikono mitupu katika uwanda hupiga hatua ndefu, chache, wala hachoki. Difu ya hesabu kubwa, kama 4.7, ni hatua fupi. Difu ya hesabu ndogo, kama 3.54, ni hatua ndefu. Hapana iliyo bora kwa kila mtu. Iliyo bora ni ile ilingayo na nguvu za miguu, na uzito wa mzigo, na mwinuko wa njia.

Waundaji wa motakaa walilijua jambo hili tangu mwanzo. Ford Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908, ilikuwa na injini ya nguvu za farasi 20 tu na gia mbili za kwenda mbele. Difu yake ilikuwa na meno 11 kwa 40, yaani 3.64. Waliokaa katika nchi tambarare waliweza kupata meno ya 3 kwa 1 ili motakaa iende mbio zaidi, lakini katika nchi ya milima meno hayo yaliwaaibisha wenyewe. Kampuni ya Rover nayo ilikuwa na mizani yake. Injini ya kwanza ya Land Rover ilikuwa ndogo, ya lita 1.6, nayo motakaa ilitakiwa kulima, kuvuta na kupanda. Kwa hiyo waliipa hatua fupi.

Sasa nakuja penye kiini cha maneno yangu. Mwaka 1970 kampuni hiyo ilitoa Range Rover, yenye injini ya mitungi 8 ya lita 3.5 na difu ya 3.54. Baadaye Discovery na Defender nazo zikapewa difu za 3.54. Leo motakaa hizo zenyewe zimezeeka, nyingine zimevunjwa, na difu zake zinauzwa katika maduka ya vipuri vilivyotumika. Difu hizo huingia katika ekseli ya Rover ya Land Rover ya zamani bila taabu kubwa. Ndipo mafundi wengine huwaambia wateja: "Mzee, gari lako linalia sana barabarani, tena linakunywa mafuta. Tukutilie difu ya Range Rover, litakwenda kama ndege." Na mzee, ambaye masikio yake yamechoka kwa kelele kutoka Dodoma hadi Singida, hukubali.

Je, fundi amesema uongo? La, amesema nusu ya kweli. Hebu tupime.

Twaa Land Rover ndefu, ya 109, Series IIA, yenye injini ya petroli ya lita 2.25 na tairi za 7.50-16. Tairi hiyo ikizunguka mara 1 huenda mita 2.45 hivi. Gia ya nne ni 1, yaani moja kwa moja. Transfa katika gia za juu ni 1.148, difu ni 4.7. Kanuni ya kupata mwendo ni hii: zidisha mizunguko ya injini kwa dakika kwa mita za mzingo wa tairi, zidisha tena kwa 0.06, kisha gawanya kwa gia, kwa transfa na kwa difu. Utapata kilomita kwa saa. Kwa kila mizunguko 1,000 motakaa yetu huenda kilomita 27 kwa saa. Ikienda 80, injini huzunguka karibu mara 2,940 kwa dakika. Ukiweka difu ya 3.54, kila mizunguko 1,000 itakupa kilomita 36, na mwendo wa 80 utahitaji mizunguko 2,210 tu. Injini imepumzishwa kwa robo nzima. Kelele zitapungua, na katika uwanda mafuta nayo yatapungua. Hiyo ndiyo nusu ya kweli aliyoisema fundi.

Nusu ya pili ni kwamba robo ile haikupotea bure. Robo ya mizunguko iliyopungua ni robo ya nguvu ya kuvuta iliyopungua, nayo imepungua katika kila gia: ya nne, ya tatu, ya pili, ya kwanza, na hata ya kurudi nyuma.

Ninyi nyote mwaijua njia kuu itokayo hapa kwenda Nzega. Ikipita Misigiri hufika ukingo wa nchi ya juu, ikashuka Mlima wa Sekenke hadi Shelui na mbuga za Wembere. Mlima huu una historia. Hapo karibu palikuwa na mgodi wa dhahabu wa enzi za Wajerumani, na dhahabu ya Sekenke ndiyo iliyopigwa sarafu za rupia 15 huko Tabora mwaka 1916, wakati wa vita. Lakini kwa dereva mwenye mzigo Sekenke si historia. Ni kona na mwinuko, na mabaki ya magari yaliyoshindwa yameonekana huko zaidi ya mara moja.

Tusiutaje mwinuko wa Sekenke wenyewe, kwa kuwa hubadilika kutoka kona hadi kona. Tuseme tu mlima upandao mita 10 kwa kila mita 100. Motakaa yetu na mzigo wake ina uzito wa kilo 2,500. Mlima wa namna hiyo huivuta nyuma kwa nguvu ya kilo 250. Tairi na barabara nazo hudai kama kilo 50. Jumla ni kilo 300. Mwenye kilo 300 kwenye magurudumu atapanda. Asiyekuwa nazo atasimama.

Injini ya petroli ya lita 2.25, ilipokuwa mpya, katika nchi ya chini, iliweza kuinua kilo 16 na nusu hivi kwenye mkono wa mita 1, penye mizunguko karibu 2,500. Sisi tunakaa juu. Mji wa Singida uko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, na injini isiyo na taabo hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kimo, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Tena injini yenyewe ni nzee. Basi tutoe kilo 2 na nusu, zabaki 14. Meno na mafuta yake mazito hula kama 2 nyingine, zabaki 12.

Katika gia ya pili, ambayo ni 2.22, kwa difu ya 4.7, kilo hizo 12 huwa kilo 368 barabarani. Mlima wataka 300. Motakaa hupanda, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, polepole lakini kwa heshima. Sasa weka difu ya 3.54. Katika gia ile ile ya pili utapata kilo 277 tu. Mlima wataka 300. Motakaa itapunguza mwendo, injini italalamika, na dereva hana budi kushuka gia ya kwanza. Ya kwanza, ambayo ni 3.6, itampa kilo 450, nazo zatosha. Lakini katika Series IIA gia ya kwanza na ya pili hazina kisaidizi cha kulinganisha mwendo wa meno. Ni lazima dereva akanyage klachi mara mbili na kupandisha injini kwa kipimo, huku mlima unamvuta nyuma na magunia yamemlalia mgongoni. Waliofundishwa zamani waliweza jambo hili usingizini. Vijana wa leo wengi hawakufundishwa.

Pengine mtu ataniuliza: "Je, hakuna gia za chini katika transfa?" Ziko. Lakini katika Land Rover ya Series, ukitia gia za chini magurudumu ya mbele nayo hushikana na injini, upende usipende. Katikati ya ekseli ya mbele na ya nyuma hakuna difu ya tatu ya kuziachanisha. Katika mchanga na tope hiyo ni rehema. Katika lami kavu, penye kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma hutaka kwenda mwendo tofauti, nayo mashafti hujipinda hadi kitu kikatike. Gia za chini, basi, hazikuwekwa kwa safari ya lami.

Haya si maneno ya kitabuni. Namjua mwenzetu mmoja, mtumishi mstaafu wa idara ya afya, ambaye jina lake nitalihifadhi. Alinunua 109 kwa fedha za kiinua mgongo, apate kuchukua mpunga kutoka Shelui kuleta Singida. Karakana moja ilimtilia difu mbili za 3.54. Alipokwenda Manyoni na kurudi akiwa mtupu alifurahi kama bwana arusi. Juma lililofuata alipakia magunia 8 huko Shelui. Kwenye Sekenke gia ya pili ilimshinda, ya kwanza ikakataa kuingia, motakaa ikasimama. Akavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote. Motakaa ikarudi nyuma.

Nawaomba mlitazame jambo hilo kwa makini, maana ndilo lililonifanya niichague hotuba hii. Breki ya mkono ya Land Rover ya Series haiko kwenye magurudumu. Iko nyuma ya transfa, nayo hushika propela. Nguvu yake hufika kwenye magurudumu ikiisha kuzidishwa na difu. Difu ya 4.7 huizidisha mara 4.7, difu ya 3.54 huizidisha mara 3.54 tu. Kwa hiyo fundi aliyebadili difu alipunguza robo ya breki ya mkono bila kuigusa, wala hakujua, wala mwenye gari hakujua. Kadhalika, wakati wa kuteremka, injini husaidia kuzuia motakaa kwa kupitia difu hiyo hiyo, na msaada huo nao umepungua robo katika kila gia. Breki za ngoma, ambazo zilikuwa zikigawana kazi na injini, sasa zaachiwa mzigo mkubwa zaidi, zapata moto, na zikipata moto hazishiki.

Mwenzetu aliokolewa na kijana wake, aliyeruka na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, na pia na mtaro ulio kando ya njia. Hakufa mtu. Lakini ekseli ilipinda, mpunga ulimwagika, na fedha zilizobaki benki zikaishia katika matengenezo. Leo gari lake lina difu za 4.7 tena. Zile za kwanza karakana ilikuwa imekwisha kuziuza, ikambidi atafute nyingine. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Msidhani, mabwana, kwamba naipiga vita difu ya 3.54. Nataka mjue tu kwamba difu ni nusu ya ndoa. Tazameni Defender yenyewe: ina difu ya 3.54, lakini transfa yake ni 1.41, wala si 1.148. Zidisheni, mtaona kwamba katika gia ya nne jumla ni karibu 5, si mbali na 5.4 ya Land Rover ya kale. Kisha ikapewa gia ya tano kwa ajili ya uwanda. Waundaji hawakuondoa hatua fupi. Waliongeza hatua ndefu juu yake. Anayechukua difu ya Defender akaiacha transfa yake amemchukua bwana arusi, akamwacha bibi arusi nyumbani kwao.

Tena iko injini ambayo difu ya 3.54 yaifaa hasa. Tuseme Land Rover ile ile imetiwa injini ya dizeli ya 200Tdi, iliyotoka mwaka 1989, ambayo ina taabo. Injini hiyo huinua kilo 27 kwenye mkono wa mita 1, penye mizunguko 1,800 tu. Baada ya kutoa haki ya meno, zabaki 23. Kwa difu ya 3.54, katika gia ya tatu, ambayo ni 1.5, utapata karibu kilo 360 barabarani, nawe utapanda mlima wetu wa kilo 300 kwa mwendo wa kilomita 43 kwa saa. Hapo hatua ndefu ina miguu yake. Injini ya namna hiyo ukiiachia difu ya 4.7 utakuwa umempa mtu mrefu kanzu ya mtoto. Lakini hata hivyo mguu wa dereva uwe mwepesi, kwa kuwa giaboksi ya kale haikuundwa kwa kilo 27. Na mjue kwamba kadi ya gari huandika namba ya injini. Aliyebadili injini hana budi kuandikisha mabadiliko hayo, asije akaulizwa njiani akakosa jibu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni fupi. Injini ya zamani, ya petroli au ya dizeli ya lita 2.25, yenye kazi ya mizigo na milima, ibaki na 4.7. Injini yenye nguvu nyingi katika mizunguko michache yaweza kuchukua 3.54. Asiye na mzigo, aendaye njia za tambarare peke yake, ana hiari yake, lakini na apime breki zake kwanza. Na mwenye kutaka yote mawili, uwanda na mlima, na atafute ovadraivu, kifaa kifungwacho nyuma ya transfa, kinachompa hatua ndefu anapoitaka na kumwachia hatua fupi zote kama zilivyokuwa. Ni ghali, tena hakipatikani kwa urahisi, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Yako mambo manne ya kuangalia ambayo nawaomba myaandike.

La kwanza: difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na hesabu moja. Mtu aweza kubadili ya nyuma peke yake na motakaa ikaenda vizuri mwaka mzima; siku atakapokwama katika tope la Wembere akatia magurudumu yote manne, ekseli moja itasema 4.7 na nyingine 3.54, nazo zitagombana hadi moja ivunjike.

La pili: 109 nyingi za Series III zina ekseli ya nyuma ya Salisbury, iliyo nene kuliko ile ya Rover. Difu ya Range Rover haiingii humo. Anayekuambia itaingia hajapata kuifungua.

La tatu: mshale wa spidi huendeshwa na transfa, si magurudumu. Ukibadili difu, mshale hauna habari. Ukisoma 50 wewe waenda 66. Katika vijiji vyenye kibao cha 50 askari mwenye tochi hatasikiliza hadithi za meno, na mtoto avukaye njia hatapata nafasi ya kuzisikiliza. Badili kwanza kipimo cha mshale, au bandika kando yake karatasi yenye hesabu ya kweli.

La nne: tairi nayo ni difu. Mwenye Land Rover fupi ya 88 akiondoa tairi za 6.00-16 akatia za 7.50-16, amerefusha hatua kwa karibu sehemu moja katika kumi, bila kufungua nati ya difu. Basi asishangae motakaa ikiona mlima ule ule umekuwa mkali.

Na kabla ya kununua, mtu ajuaje difu iliyomo? Hakuna haja ya kufungua kitu. Simamisha motakaa mahali sawa, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, inua ekseli ya nyuma kwa jeki na kuitegemeza kwa vigogo imara, weka gia huru, kisha legeza breki ya mkono. Chora alama kwa chaki kwenye propela na kwenye tairi zote mbili za nyuma. Wewe na mwenzio zungusheni tairi zote mbili pamoja, mzunguko mmoja kamili, huku mtu wa tatu akihesabu mizunguko ya propela. Ikizunguka mara 4 na karibu robo tatu, ni 4.7. Ikizunguka mara 3 na nusu, ni 3.54. Ukiwa na jeki ya upande mmoja tu, zungusha tairi iliyo juu mara mbili kamili, na hesabu itakuwa ile ile, kwa sababu tairi ya pili imesimama chini. Kazi hii yataka robo saa na kipande cha chaki. Anayeuza gari akikukataza kuifanya, amekwisha kukujibu.

Bwana Mwenyekiti, nimalizie kwa ombi moja. Nashauri chama chetu kiwe na daftari. Kila mwanachama mwenye motakaa ya kale aandike humo aina yake, injini yake, hesabu ya difu zake na tairi zake, pamoja na mafuta anayotumia kutoka hapa hadi Manyoni, hadi Nzega na hadi Dodoma. Baada ya mwaka mmoja tutakuwa na elimu yetu wenyewe, iliyopimwa katika njia zetu na katika kimo chetu, wala hatutategemea neno la muuza vipuri. Anayestaafu mwakani atakuja kulisoma kabla ya kwenda mnadani. Tumetumia maisha yetu kuandika madaftari ya Serikali kwa uangalifu; haitatushinda kuandika moja kwa ajili yetu na wenzetu.

Yule mwenzetu wa Shelui amenipa ruhusa niseme kwamba gari lake litakuwa la kwanza katika daftari hilo, ikiwa mkutano utakubali. Hesabu zake ameniandikia katika karatasi, nami namkabidhi Bwana Katibu sasa hivi.